Lita Nane kwa Sekunde

Jumamosi iliyopita tulimzika Injinia Oduol nyumbani kwao Usenge, na nilikaa chini ya hema tangu asubuhi nikisikiliza sifa zake. Katika matanga yetu marehemu husifiwa hata kama alikuwa mwizi wa ng'ombe, na mimi si mgeni wa desturi hiyo. Nimewahi kusimama na kumlilia mtu ambaye alipokuwa hai nilikuwa nikivuka barabara nisikutane naye. Lakini aliinuka bwana mmoja mwenye suti ya kijivu, akajitambulisha kuwa alifanya kazi na marehemu katika kile kiwanda cha samaki, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema kwamba Injinia Oduol alilipenda ziwa hili kama mtoto wake wa kuzaa. Nikamgeuzia kisogo. Nilitazama ziwa lenyewe, lililokuwa pale nyuma ya hema, na omena, dagaa wetu, imeanikwa kwenye nyavu kuanzia kwenye mawe hadi karibu na magari ya wageni. Mama aliyeketi kando yangu aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni jua. Yule bwana akaendelea kusema kwamba marehemu alikuwa bingwa wa hesabu, hakuna tarakimu iliyomshinda. Hapo sikubisha. Mgala muue na haki umpe. Karibu yote ninayojua kuhusu maji yanayopita ndani ya bomba alinifundisha yeye, katika mwaka mmoja nilioishi ufuoni karibu na Kisumu nikiwa msichana mwenye cheti kipya, na ni mwaka ambao nikiukumbuka pua yangu hujikunja kabla akili haijafika.

Ya kwetu sitayasimulia. Kwetu ni Ahero, kwenye mashamba ya mpunga, na hilo latosha. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi, somo la maji, nikaajiriwa kuwa msaidizi wa Injinia Oduol katika kiwanda cha kukata minofu ya mbuta. Kiwanda hicho kilifungwa zamani na jina lake sina haja ya kulitaja. Nilipanga chumba kwa Mama Risper, mjane mwenye boma la vyumba vichache vya mabati juu kidogo ya ufuo. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, msumari mmoja wa kutundikia nguo, na dirisha ambalo nilijuta kulifungua siku ya kwanza. Harufu ya samaki mbichi haina neno, sisi tumezaliwa nayo. Hii ilikuwa nyingine. Ilikuwa damu ya jana, mafuta yaliyoganda na kuchacha, na juu yake dawa ya klorini, kama mtu aliyejipaka manukato bila kuoga. Iliingia kwenye blanketi. Iliingia kwenye mkate. Nilizoea kulala na leso puani, na asubuhi niliamka leso yenyewe ikinuka. Mama Risper alinicheka sana. "Nyar Ahero," aliniita, yaani binti wa Ahero, na hakuwahi kuniita kwa jina lingine, "wewe umezoea harufu ya mchele. Hii ni harufu ya kazi. Baada ya wiki moja hutasikia kitu." Miezi ilipita nikawa bado nasikia.

Yeye aliishi kwa kile kilichotupwa na kiwanda. Minofu myeupe ilifungwa kwenye barafu ikasafirishwa ng'ambo, kwa watu ambao hawajui hata ziwa letu liko upande gani. Kilichobaki, kichwa, uti na mkia, na vinyama vilivyong'ang'ania mifupa, ndicho kilichouzwa langoni kwa akina mama. Tulikiita mgongo wazi. Mama Risper alijipanga langoni kila asubuhi na beseni lake, akarudi nalo kichwani likidondosha maji mabegani mwake, akaosha, akatia chumvi, akakaanga kwenye sufuria kubwa nyeusi nje ya jiko. Watu walikuja kununua hadi kutoka Mamboleo. Na maji ya kuosha, ya kupikia na ya kunywa aliyatoa kwenye ghuba ndogo iliyokuwa chini ya boma lake, mahali ambapo mawe yalizuia magugumaji yasiingie na maji yalikaa matulivu na safi. Akina mama wote wa upande ule walichota pale. Hapakuwa na bomba la serikali wala kisima. Nataka msomaji aishike ghuba hiyo, kwa sababu hadithi nzima ni yake. Mimi sikuwa na cha kupoteza mwaka ule. Mama Risper ndiye aliyekuwa nacho.

Injinia Oduol alikuwa mtu msafi kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, na usafi wake, nikiufikiria leo, unanitia kinyaa kuliko maji ya mtaroni. Alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama. Alikuwa na sabuni yake mwenyewe, ya waridi, ndani ya kikopo chenye kifuniko, na kila aliporudi kutoka kwenye mabwawa ya maji taka, hata kama hakugusa chochote, alinawa hadi kwenye viwiko. Maji ya kunywa alinunua ya chupa mjini. Mdomoni alikuwa na peremende ya mnanaa saa zote, na alipoongea nawe ilikuwa inagongana na meno yake. Sisi wengine tulivaa gambuti nyeupe zilizogeuka rangi ya uji. Ila alikuwa mwalimu mzuri, hilo siwezi kulikana. Siku zangu za kwanza nilimletea hesabu ya pampu nikiwa nimegawanya mahali pa kuzidisha, na hakunikemea. Aliagiza chai na chapati, akanisogezea kiti, akachora kikombe. "Lita moja kwa sekunde," akasema. "Kwa dakika ni ngapi? Sitini. Kwa saa? Elfu tatu mia sita. Na mita moja ya ujazo ni lita elfu moja. Basi lita moja kwa sekunde ni mita za ujazo tatu nukta sita kwa saa. Na kwa siku nzima ni themanini na sita nukta nne. Shika hizo mbili, tatu nukta sita na themanini na sita nukta nne, utakula nazo maisha yako yote." Nilizishika. Nilipanda njia ya kwenda nyumbani nikizitamka, na ni kweli nimekula nazo.

Somo la pili hakunipa kwa kukusudia. Ofisi yake na chumba changu cha kazi vilitenganishwa na plaiwudi, na mtu akipiga simu upande ule, upande huu ulikuwa kama umeshika mkonga pamoja naye. Asubuhi moja nilimsikia akiomba pampu kubwa zaidi ya kuvuta maji safi kutoka ziwani. "Mkubwa, tunavuta mita mia saba kwa siku. Mia saba! Pampu inakufa." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Alasiri ya siku iyo hiyo alipiga tena, safari hii kuhusu maji taka, na nikamsikia akicheka. "Hapana, hapana. Ukiwaambia kwa siku watakimbia. Waambie kwa sekunde. Lita nane. Nani anaogopa lita nane?" Nilikaa na kalamu mkononi. Nane mara themanini na sita nukta nne ni mia sita tisini na moja na kitu. Yalikuwa maji yale yale. Yaliingia kiwandani kwa siku yakatoka kwa sekunde. Hakuna aliyedanganya, tarakimu zote mbili zilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonichukiza. Mwongo wa kawaida angalau anajua anakosea. Huyu alikuwa sahihi hadi kwenye nukta.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Mabwawa ya kutulizia maji taka nyuma ya kiwanda yalikuwa yamejaa. Juu yake palikuwa na utando wa mafuta mzito kiasi kwamba ndege walitembea juu yake wakidonoa matumbo ya samaki, na ulipoutoboa kwa mti ulitoa pumzi. Kuyasafisha au kuchimba mengine kulihitaji ardhi na muda. Kampuni iliona rahisi zaidi kutandaza bomba moja kwa moja hadi ziwani, na mahali pa karibu, penye mteremko mzuri, palikuwa ile ghuba ya Mama Risper. Sheria ilitaka watu wa ufuo waelezwe na wakubali. Basi pakatangazwa baraza.

Jioni ya kabla ya baraza nilijaribu kumweleza Mama Risper. Tulikuwa tumeketi kwenye vigoda nje ya jiko, jua bado lipo, ugali katikati yetu, mgongo wazi na mboga ya osuga pembeni. Wakati ule nilikuwa bado nakula kwake. Nilimwambia bomba linakuja pale anapochota, na litamwaga lita nane kwa sekunde. Alitafuna kwanza.

"Lita nane? Si hiyo ni kitu kidogo? Mimi peke yangu nabeba ishirini kwa kichwa, na narudia tena."

"Ni kwa sekunde, Mama."

"Hiyo sekunde ni yenu ya ofisi. Wewe niambie ni lita ngapi."

"Nane, lakini kwa saa ni mita za ujazo ishirini na nane nukta nane."

"Mita ni ya kupima kitambaa," akasema, akanisogezea kipande chenye nyama. "Kula. Hiyo hesabu itakumaliza."

Nilikasirika, nami nilikuwa na umri wa kukasirika upesi. Nilizungusha tarakimu zangu kila upande, kwa dakika, kwa saa, kwa siku, na kadiri nilivyozizungusha ndivyo alivyozidi kuniangalia kwa huruma. Kwake maji yalikuwa kitu kinachokaa ndani ya chombo. Kilichobebwa kilikuwa kiasi, na kiasi kina mwisho: mtungi ukijaa umejaa. Hayo ya maji yanayopimwa huku yanakwenda, yasiyo na mtungi wala mwisho, hayakuwa na mahali pa kukaa kichwani mwake, na sidhani ni kosa lake. Injinia Oduol alilijua jambo hilo vizuri. Yeye mwenyewe alizaliwa Usenge, alimwona mama yake akibeba maji. Kampuni ingemleta mgeni kutoka mbali, mgeni huyo asingeweza kutufanyia alichotufanyia yeye.

Baraza lilifanyika asubuhi, ndani ya banda la bati wanapopimia samaki, na mizani ikining'inia juu ya vichwa vyetu. Wanaume walikaa kwenye madau yaliyopinduliwa, akina mama sakafuni wamenyoosha miguu. Injinia aliniambia nibebe mtungi wa plastiki wa manjano, wa lita kumi, uliotiwa maji safi hadi chini kidogo ya shingo. Sikujua ni wa nini. Alisimama katikati akaamkua kwa Dholuo, akawataja wazee wa ukoo wake mmoja mmoja, akataniana na mwenyekiti wa ufuo, mzee mnene aliyevaa kofia ya sufu jua lote lile. Watu wakalainika. Kisha akasema, "Mama zangu, wazee wangu, nimesikia mnaogopa hii bomba. Mimi ni mtoto wa ziwa, siwezi kuleta kitu mbaya kwa ziwa. Bomba itatoa lita nane kwa sekunde. Nane." Akanigeukia. "Inua, waone."

Niliinua.

"Hata hii mtungi haijajaa," akasema. "Sasa mwaga."

Nilimwaga pale mchangani mbele ya banda. Maji yalitengeneza duara, yakanywewa, na kabla sijauweka mtungi chini mchanga ulikuwa umebaki na unyevu tu. Watu walicheka kwa kupumua, kama waliotuliwa mzigo. Mwenyekiti akasema, "Basi hiyo ni maji ya kunawa uso," na wakacheka tena. Nilimwona Mama Risper akinitazama na kutikisa kichwa, maana yake si nilikwambia. Injinia alitoa leso akajipangusa vidole, ijapokuwa mtungi nilikuwa nimeushika mimi.

Sijui nilipata wapi ulimi. Labda ilikuwa ile leso. Nilisema, "Injinia, naomba niwaonyeshe sekunde." Yeye akafungua mikono, karibu, kwa tabasamu la mwalimu. Nikawaambia akina mama wapige makofi, polepole, kama vile wimbo wa taratibu kanisani, na kila kofi wahesabu kuwa ni mtungi huu mmoja umemwagwa pale wanapochota. Walidhani ni mchezo. Walianza kwa kicheko, kofi, kofi, kofi, mtoto mmoja akacheza. Nilisimama na mtungi mtupu nikaugeuza chini kwa kila kofi. Baada ya muda kicheko kilipungua. Baada ya muda mwingine hakuna aliyecheka, ilibaki ile sauti ya viganja, na mama mmoja akaacha ili amtie mtoto titi, na mwingine akamwambia aendelee. Mwishowe mwanamke aliyekaa mbele akauliza, akiwa bado anapiga, "Nyar Ahero, tunaacha saa ngapi?"

"Hamuachi."

"Na tukienda kulala?"

"Inaendelea. Mashine hazilali."

"Na Jumapili?"

"Na Jumapili."

Makofi yakafa yenyewe. Mzee mmoja alikuwa anautazama ule mchanga uliokwisha kukauka. Nilifikiri nimeshinda. Nakumbuka vizuri nilivyofikiri nimeshinda, jasho likinitiririka mgongoni, nikijiona mtu mkubwa. Mwenyekiti akavua kofia. "Injinia, huyu msichana anasema kweli?"

"Kweli kabisa," akasema Injinia Oduol bila hata kukunja uso. "Ni mwanafunzi wangu, mimi ndiye nimemfundisha. Sasa wacheni na mimi niulize. Bwawa imejaa. Kama hakuna bomba, mashine inasimama. Mashine ikisimama, kesho asubuhi mnakuja langoni na mabeseni, mgongo wazi itatoka wapi?"

Hakupandisha sauti. Peremende iligonga jino lake, nikaisikia. Mkono mtupu haulambwi, na kila aliyekuwa sakafuni pale alikuwa na sufuria nyumbani inayongoja. Mwenyekiti aliposema wanaokubali wainue mikono, mikono iliinuka mmoja mmoja, ya akina mama kabla ya ya wanaume, kwa sababu mabeseni yalikuwa yao. Mama Risper aliinua wake karibu mwisho. Alipouinua hakumtazama Injinia. Alinitazama mimi.

Yaliyofuata ofisini ndiyo yaliyonifanya nisimpe mkono mtu yule tena hadi anakufa. Alikuwa ananawa. Alinawa polepole, povu la waridi likishuka kwenye mikono, akaniambia akinitazama kwenye kioo, "Umenisaidia sana leo." Nilidhani ananidhihaki. "Sikutanii," akasema. "Kesho mtu akija hapa kulalamika, serikali, gazeti, nani, tutasema nini? Tutasema walielezwa. Walielezwa mpaka kwa makofi. Hakuna baraza kwenye ziwa hili lote lililoelezwa namna hiyo." Akakausha vidole kimoja kimoja. Akasema nitahamishiwa meza ya karibu na dirisha. Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba ya pampu nikatapika chapati yote ya asubuhi, na korongo mmoja mwenye kipara akaja akasimama karibu akingoja nimalize.

Nilimaliza hasira zangu kwa Mama Risper, maana ndiye niliyemweza. Nilimkuta anaparua magamba. Nikamuuliza kwa nini aliinua mkono baada ya kusikia yote yale.

"Ulitaka niinue nini?" akasema. "Maji naweza kutafuta mbele. Mgongo wazi siwezi kutafuta mbele."

"Lakini sasa unajua ni mengi kiasi gani."

"Najua. Nimepiga makofi mpaka mkono inauma. Ulieleza vizuri kuliko huyo bwana yako." Akapindua samaki. "Lakini kujua na kukataa si kitu moja, nyathina. Wewe unafikiri ni kitu moja kwa sababu una mshahara."

Nyathina ni mwanangu. Alilisema bila ukali, na niliingia chumbani nikafunga dirisha.

Bomba lilifunguliwa mvua za vuli zilipoanza. Sitaelezea ghuba ilivyogeuka siku kwa siku, kwa sababu haikuchukua siku nyingi. Maji yalipata rangi ya maziwa yaliyochacha. Mawe yale yaliyokuwa yakizuia magugumaji sasa yaliyazuia mafuta yasitoke, yakaganda ukingoni kama nta nyeupe, na ukikanyaga yalikushika kisigino. Inzi walikuwa wengi hadi sauti yao ilisikika kutoka bomani. Watoto walioogelea pale walitoka vipele. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini Injinia alikuwa amewapeleka wa kwake Milimani, kwenye nyumba yenye bomba na bustani. Akina mama walianza kuchota ghuba ya pili, mbele kabisa, nyuma ya kilima chenye mawe, na Mama Risper alikuwa na goti lililovimba. Alikwenda akichechemea. Mimi kiwandani nilikuwa na maji yaliyosafishwa, ya mfereji, meupe, nikaomba ruhusa ya kutoka na mtungi mmoja jioni. Mlinzi alinikatalia langoni: maji ya kampuni hayatoki. Yaani yale tuliyokwisha kuyachafua yalitoka bila ruhusa mchana na usiku, na yale safi hayakutoka hata mtungi. Niliporudi kumuuliza Injinia, alisema ni utaratibu, akanipa peremende.

Basi nikafanya alichofanya kila aliyekuwa ndani ya lile lango. Nilikunywa maji kazini hadi tumbo likajaa, nikala kantini, nikarudi nyumbani nimeshiba. Mama Risper aliponikaribisha nilisema nimekula, au tumbo si zuri, au kesho. Siku moja alisonga ugali wa wawili akala peke yake, na kilichobaki akawapa kuku. Mimi nilijifanya sikuona. Ukweli ni kwamba nilikuwa siwezi. Nikiangalia sufuria yake niliona utando. Nikiona kikombe cha chai yake nilikiona kina macho ya mafuta hata kama hakikuwa nayo.

Leo nafundisha vijana ufundi wa maji katika chuo kidogo hapa Kisumu, na wanasema mimi ni mkali kupita kiasi. Mwanafunzi akiniandikia lita nane bila kuandika kwa muda gani, ninaikata hesabu yote, hata kama njia yake ni sahihi. Hulalamika. "Madam, si unajua tu nilimaanisha sekunde?" Ninawaambia najua, na sitaki kujua, nataka aandike. Sijawahi kuwaeleza sababu. Walimu wenzangu hudhani ni mapenzi ya tarakimu. Pale Usenge, yule bwana wa suti ya kijivu aliposema marehemu ameacha vijana wengi aliowalea kitaaluma, vichwa viligeuka kunitafuta, na mtangazaji akaniomba nisimame nionekane. Nilibaki nimekaa. Wakadhani nimezidiwa na majonzi.

Mwaka ulipokwisha nilipata kazi ya mifereji ya mpunga huko kwetu, na nikamwambia Mama Risper kwamba nahama. Hakuuliza kwa nini. Aliniambia tu nisiondoke bila kula, na mchana wa siku ya kuondoka, mkoba wangu ukiwa tayari mlangoni, aliniita jikoni. Alikuwa ametandika kile kigoda changu kwa kitambaa. Palikuwa na ugali mkubwa wa mtama uliochanganywa na muhogo, mgongo wazi wa mchuzi, si wa kukaanga, mchuzi mwingi wenye nyanya, na chai. Vyote vilivyopikwa kwa maji vilikuwa mbele yangu. Alikaa mkabala nami, ameunyoosha mguu wenye goti lililovimba juu ya gunia, na mtungi wake ulikuwa umesimama mlangoni ukiwa na utepe mweupe wa mafuta kuzunguka shingo.

"Mama," nikasema, "maji ya leo umechota wapi?"

Alimega tonge, akalifinyanga, hakulitia mdomoni.

"Hapo chini," akasema. "Mguu imekataa kilima. Lakini nimechemsha mpaka imechoka, na nimechuja na leso mara mbili. Kama huwezi, sema. Sitakasirika. Najua tangu lini hukuli kwangu."

Hakuwa ananijaribu. Uso wake ulikuwa wazi kabisa, na aliona aibu, yeye, kana kwamba uchafu ule ulitoka kwake. Nilimwona akivuta kanga kufunika mtungi. Ndipo nilipojua kinyaa changu kilikuwa kimekwenda wapi miezi yote ile. Kilikuwa kimemwacha mtu wa sabuni ya waridi, nikakileta nyumbani, nikakiweka kwenye sufuria ya mjane. Nilinawa mikono kwa maji aliyonimiminia, yalikuwa na utelezi, nikamega ugali. Mchuzi ulikuwa na chumvi sawasawa. Nilikula kichwa, nikafyonza mifupa ya shingo jinsi alivyonifundisha, nikanywa chai hadi kwenye majani, na nilipoweka sahani chini ikiwa safi, Mama Risper aliichukua akaniongezea.